Unguja usiku: Chagua ufukwe kabla hujachagua baa

KILA likizo inapokaribia, Waswahili wa London, Muscat na Toronto huulizana swali lile lile: tukishuka Unguja, usiku twende wapi? Wapo wanaorudi nyumbani baada ya miaka kumi. Wapo wanaowapeleka watoto waliozaliwa ughaibuni. Na wapo waliotwishwa kazi ya kuwaongoza marafiki wa Kizungu ambao wameona picha za Kendwa kwenye intaneti na sasa wanataka mchanga mweupe, muziki na bia baridi. Hata sisi ambao kwa sasa hatuna njia ya kurudi tunaulizwa, kana kwamba tumeondoka jana.

Majibu wanayopata huwa ni orodha ya majina. Ubaya wa orodha ni kwamba baa za ufukweni hubadilisha jina, mmiliki na siku ya muziki kila msimu. Iliyosifiwa mwaka juzi leo huenda ni ukuta wa hoteli. Visivyobadilika upesi ni bahari yenyewe, vijiji vilivyo nyuma ya baa hizo, na mila na sheria za mahali. Anayevijua hivi vitatu atachagua vizuri hata akikuta majina yote ni mapya. Asiyevijua anaweza kushika orodha nzuri mkononi na bado usiku wake ukaharibika, au yeye akawaharibia wenyeji usiku wao.

Jua linazama upande gani?

Wageni wengi hudhani kila ufukwe wa Unguja una machweo. Sivyo. Anayetaka kukaa na kinywaji chake akitazama jua likizama baharini aende upande wa magharibi: Mji Mkongwe, Kendwa, na sehemu ya Nungwi inayotazama magharibi. Kwa kuwa kisiwa kipo karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni mwaka mzima. Ukifika saa 11 na nusu utapata kiti. Ukifika saa 1, utapata mbu.

Paje, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa na Matemwe ziko mashariki, zinatazama bahari kuu. Huko jua huzama nyuma ya minazi. Lakini mashariki ina yake: usiku wa mwezi mpevu, jua linapotua nyuma yako, mwezi unatoka baharini mbele yako. Kwenye sherehe maarufu za mwezi mpevu za Kendwa, mwezi hutokea nchi kavu, mgongoni kwa wacheza muziki, na wengi hawauoni mpaka umepanda juu.

Tena kuna maji. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, bahari haiendi mbali, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Mashariki maji yanapotoka hukimbilia miambani huko mbali, na baa uliyoambiwa ipo ufukweni utaikuta inatazama mchanga mtupu, mashua zilizolala ubavu na vigingi vya mwani. Vigingi hivyo si uchafu. Kilimo cha mwani kilishika mizizi upande huo mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima ni wanawake. Wanashuka maji yakitoka na kupanda yakijaa. Mgeni anayekatiza katikati ya kamba zao akipiga picha anapita juu ya ada za shule za watoto wa watu.

Mwezi mpevu ni bamvua, na hili waandaaji wa sherehe hawaliandiki kwenye matangazo. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10, alasiri na alfajiri, na hutoka mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Kwa hiyo anayefika kwenye sherehe ya mwezi mpevu saa 4 usiku anakuta ufukwe mpana, anaweka viatu na mkoba mchangani, anacheza. Ikifika saa 10 alfajiri, akiwa amechoka na pengine amelewa, bahari imeshapanda mpaka alipoweka viatu. Kuogelea saa hizo, na kichwa kizito, ni kujitafutia msiba. Mvuvi yeyote wa hapo atakwambia hivyo bila ya kukutoza senti.

Kaskazini: Nungwi na Kendwa

Anayetaka umati na muziki wa kuchezea hadi usiku mkubwa, kaskazini ndiko kwake. Nungwi ipo kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini, na Kendwa ipo kilomita chache kusini ya Nungwi. Huko utapiga hatua kutoka baa moja hadi nyingine kwa miguu, na msimu wa wageni hakuna usiku usio na ngoma mahali fulani.

Mambo mawili ya kupanga mapema. Kwanza, usafiri. Gari za shamba huacha kazi mapema jioni, na baada ya hapo ni teksi tu. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, au lala huko huko. Usikubali kurudishwa mjini saa 9 usiku na dereva aliyekesha nawe kwenye baa ile ile. Pili, jua kuwa Nungwi si hoteli. Ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi, chenye misikiti na vyuo vya Qur'ani, na kilikuwepo kabla ya kiti cha kwanza cha kulalia kuwekwa ufukweni. Tembea dakika tano kutoka ufukweni kuelekea bara utaziona nyumba ambazo muziki huo unaingia madirishani mwao. Mle ndani wamo wanaoamka alfajiri kwenda baharini na watoto wenye mtihani kesho.

Mashariki: Paje na jirani zake

Paje imekuzwa na upepo. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, na wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, vijana wa nchi mbalimbali hufuata mchezo wa kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Usiku, vijana hao hao hukaa kwenye baa ndogo za makuti, miguu peku. Mambo huko ni ya gharama nafuu kidogo na ya kujuana zaidi. Kwa kawaida muziki huhamahama, baa hii siku hii na ile siku ile, kwa hiyo muulize mhudumu wa mchana: leo wapi? Jibu lake ni jipya kuliko la mtandao wowote.

Jambiani ni ya wanaotaka kula, kuzungumza na kulala. Na ule mgahawa mashuhuri uliojengwa juu ya jabali huko Michamvi Pingwe ni mahali pa chakula, si pa disko. Maji yakitoka utaufikia kwa miguu, yakijaa utavushwa kwa mashua. Weka nafasi mapema.

Mjini: usiku usiohitaji chupa

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba zake zimeegemeana, na ukipiga muziki mkubwa katika hii unaupiga katika tano. Kwa hiyo mji ni mzuri kwa kuanzia jioni kuliko kumalizia usiku. Baraza ya Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza enzi za ukoloni, bado inavuta watu saa ya machweo. Kisha teremka Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Hapo hapana pombe, na familia nzima inaweza kukaa: urojo, mishkaki, maji ya miwa, vijana wakiruka baharini kutoka ukutani. Uliza bei kabla samaki hajawekwa kwenye makaa, na uliza samaki huyo ni wa leo au wa jana. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Anayedhani kuwa usiku wa Zanzibar ulianza na bia za watalii hajui historia ya kisiwa hiki. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kiliasisiwa mwaka 1905. Siti binti Saad na baadaye Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, walilijaza jina la Unguja masikioni mwa dunia kwa sauti tu. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimeendelea kufundisha ala hizo. Na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limezoeleka kufanyika Februari, Ngome Kongwe ikiwa ndiyo uwanja wake. Mtoto aliyezaliwa Birmingham akiusikia usiku mmoja wa qanuni na udi atakuwa na la kusimulia kuliko aliyekesha kwenye disko ambalo hata Birmingham lipo.

Pombe na Ramadhani

Zanzibar ni nchi ya Waislamu kwa wingi wake, na pombe huuzwa kwa leseni. Mambo haya mawili yamekaa pamoja kwa miaka mingi, lakini si kwa utulivu siku zote. Mwaka 2006, mipango ya kusherehekea ufukweni miaka 60 tangu kuzaliwa Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja, ilipingwa vikali na kundi la Uamsho. Januari 2024 vileo viliadimika na bei zikaruka baada ya mabadiliko ya leseni za waagizaji, na katika siku hizo hizo Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu akisema mazingira ya kazi si rafiki. Funzo kwa msafiri ni kwamba asidhani kila anachokitaka kitakuwepo. Kunywa kilichofunguliwa mbele ya macho yako. Chupa isiyoeleweka ilikotoka, iache.

Ramadhani ni jambo la peke yake. Kula hadharani mchana kumewahi kuwafikisha watu mikononi mwa polisi, kama ilivyotokea Machi 2024, na baa nyingi hufunga au hupunguza muziki. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na katikati ya muongo huu umeangukia Februari na Machi, tazama kalenda kabla hujalipia tiketi. Lakini usiukimbie. Baada ya futari na tarawehe mji huchangamka kuliko miezi mingine, na anayependa usiku wa kula na kuzungumza hatapata bora kuliko huo.

Mengine ni ya kawaida. Nguo ya kuogelea ibaki ufukweni, kanga au shati vifuate barabarani. Usitembee peke yako kwenye ufukwe wenye giza. Bangi ni kosa la jinai hata kama papasi anakuhakikishia kuwa hapa hakuna shida. Na wenye pasipoti za kigeni wajue kuwa tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya dola 44. Hati hiyo isiachwe chini ya begi, iwe mahali pa kufikika siku ukiumia.

Fedha yako inaingia mfuko gani?

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wake chini kidogo ya milioni 1.9. Ukiipima hesabu hiyo utaona kwamba swali la nani ananufaika na usiku wa ufukweni si dogo. Wapo waliouza viwanja vya pwani kwa bei ya kutupa, na leo wanapita nyuma ya ukuta kwenda kwenye bahari ileile waliyozaliwa wakiitazama. Wapo pia vijana waliopata ajira, ufundi na lugha za kigeni kwa sababu ya baa hizo hizo. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na yote mawili, na anayesema utalii ni neema tupu au laana tupu hajakaa huko.

Mzungu anaweza kusamehewa asipoliuliza. Sisi hatuna udhuru. Tunaijua lugha, na mhudumu atatuambia asichoweza kumwambia mgeni: ametoka wapi, analala wapi, analipwa kwa mwezi au kwa bahshishi tu. Kula chakula cha jioni kijijini kabla ya kwenda kucheza. Chukua dereva wa hapo hapo. Ukivushwa kwa mashua, mlipe mwenye mashua mwenyewe.

Na kabla hujaamua baa ipi utaingia usiku, ipitie mchana. Tazama kama njia ya wavuvi kwenda baharini iko wazi au imefungwa kwa kamba. Tazama chupa za jana ziko wapi, kwenye pipa au mchangani. Kisha mtazame mwenye baa anapopita kijijini akitoa salamu. Kama majirani wanamwitikia, rudi hapo usiku.