Fahamu: Kwa nini wahafidhina wa Marekani wanayanung'unikia makanisa kongwe?

Januari 21, 2025, siku moja baada ya kuapishwa, Donald Trump aliketi safu ya mbele katika Kanisa Kuu la Kitaifa, Washington. Kutoka mimbarani, Askofu Mariann Budde wa Kanisa la Episcopal, mojawapo ya makanisa hayo kongwe ya Kiprotestanti, alimsihi awahurumie wahamiaji na watoto mashoga wanaoishi kwa hofu. Trump alikuja juu, akadai aombwe radhi.

Wafuasi wake wakauliza: kanisa linalopukutika waumini linapata wapi jukwaa la kumkanya rais?

Jukwaa hilo ni urithi. Marais kadhaa, kuanzia George Washington, walitoka katika kanisa hilo. Lakini waumini wake waliozidi milioni 3 katika miaka ya 1960 sasa hawafiki milioni 1.6. Kwa mujibu wa kituo cha utafiti cha Pew, Waprotestanti wa madhehebu kongwe walishuka kutoka asilimia 18 ya watu wazima mwaka 2007 hadi 11 mwaka 2023-24.

Kinachowauma zaidi wahafidhina ni mali. Huko Falls Church, Virginia, waumini waliojitenga na Kanisa la Episcopal mwaka 2006 walishindwa kesi ya majengo, wakayakabidhi kwake mwaka 2012. Parokia nyingine zilizojitenga zilikimbilia chini ya maaskofu wakuu wa Kianglikana wa Kenya, Uganda na Rwanda, kabla ya kuundwa kwa Kanisa la Anglikana la Amerika Kaskazini mwaka 2009.

Kwa kupungua kwa waumini, wahafidhina wanalaumu uliberali wa makanisa hayo kongwe. Hata hivyo, Wabaptisti wa Kusini, wahafidhina wenzao, nao wamekuwa wakipungua tangu 2006. Uzazi mdogo na vijana kuacha dini vimeyagusa makanisa ya pande zote mbili.