Ngome ya Lamu: Gereza Lililorudi kwa Wenyewe

Anayepita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, hutokea uwanja wa Mkunguni, na mbele yake husimama Ngome. Pembeni pana soko. Punda hupita na mizigo, na chini ya mikungu wanaume huketi wakizungumza na kucheza bao.

Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1813 na 1821, kwa msaada wa Waomani, baada ya Waamu, yaani wenyeji wa Lamu, kushinda vita vya Shela. Ilikuwa kinga yao. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikaifanya gereza, na gereza likadumu hata baada ya uhuru, hadi 1984. Vizazi vikakua vikicheza nje ya kuta ambazo hakuna aliyetamani kuziingia.

Ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mji haukutosheka kuiachia watalii. Wenyeji waliiingiza katika maisha yao. Leo ndani yake mna maktaba, na watu hukutana humo kwa mikutano, maonyesho na harusi.

Harusi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mila ilivyolibadili jengo. Kwa Waamu, mambo ya kina mama yanahitaji stara. Nyumba za mawe zenyewe zimejengwa hivyo: baraza kwa nje, daka mlangoni, kisha vyumba vya ndani visivyofikiwa na jicho la mpita njia. Ua wa Ngome, uliozungukwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, unatoa stara hiyohiyo kwa umati mkubwa. Mabuibui yanavuliwa, udi unafukizwa, asmini zinanukia, na kina mama wanaimba kwa raha zao. Kuta zilizowafungia wafungwa sasa zinawasitiri wenye furaha.

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na heshima hiyo huleta wageni na mafundi. Lakini jengo la namna hii haliishi kwa chokaa mpya peke yake. Linaishi kwa mwanafunzi anayekuja kusoma na kwa familia inayokuja kuoza binti. Kwa hiyo kila mpango wa kuitunza Ngome uanze kwa kuwauliza Waamu wanataka kuitumiaje, na mlango wake usiwe mzito kwao.