Fahamu: Wakala wa akili unde na uzito wa gunia

Karani mgeni kwenye kituo cha kununulia majani chai, Kericho au Bomet, akizidisha makato ya uzito wa gunia, foleni nzima humsahihisha. Kesho harudii. Wakala wa akili unde, yaani programu inayoendesha programu nyingine kwa niaba yako, hana foleni ya kumkemea. Anachojua ni alichoandikiwa.

Tuseme ameunganishwa na programu ya kurekodi majani. Sehemu moja imeandikwa "uzito", basi. Kilo au gramu? Pamoja na gunia au bila? Atabahatisha, tena kwa kujiamini. Maelezo yanayofaa yangesema: "Kilo za majani mabichi, gunia limeshatolewa, mfano 18.5." Yaseme pia afanye nini mtandao ukikatika, maana akituma upya bila kuangalia, mkulima huenda akalipwa mara mbili (hapo sidhani kama kuna atakayelalamika).

Itifaki ya MCP ya kuunganisha mawakala kama huyu na programu nyingine, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, huipa kila zana anayotumia wakala jina, maelezo na orodha ya vitu inavyopokea. Haikuandikii maelezo yenyewe. Anayejua kwa gunia moja hukatwa kiasi gani ni karani wa kituoni, na mara nyingi aliyeunda programu hajawahi kumuuliza.