Ndege Msafiri na Akiba Yake

Sisi wenye mashamba ya karafuu tunajua faida ya mzigo mkavu. Karafuu mbichi huanikwa juani kwanza, maji yatoke, ndipo itiwe guniani. Yuko ndege mdogo anayeifuata kanuni hiyo hiyo, naye ni mgeni wetu wa kila mwaka. Habari zake zamfaa kila mkulima, wa visiwani na wa bara.

Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Uzito wake ni gramu 10 hivi, na chakula chake ni vidudu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya ndege wachache wa aina hii waliofungwa vyombo vidogo migongoni huko mashariki ya mbali ya Urusi. Walifika Afrika Mashariki, mwendo wa kilomita 13,000 hivi. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili huonekana katika miti ya Kenya na Tanzania. Itiryo, katika nyanda za juu za Tarime, imo katika njia zao.

Safari hii haiendi kwa mkupuo mmoja. Huruka usiku, hutua mchana, na pengine hukaa kituoni siku kadhaa. Huenda msomaji akadhani kwamba nguvu zote huishia angani. Sivyo. Mwaka 2003 ndege wengine wasafiri walipimwa huko Marekani, ikaonekana kwamba chini ya theluthi moja ya nguvu ilitumika kuruka. Iliyobaki ilitumika vituoni: kutafuta chakula, kujitia joto na kupumzika.

Akiba yake ni mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya maradufu ya gramu moja ya wanga, tena mafuta hayabebi maji mengi. Kabla ya kuvuka jangwa, baadhi ya ndege wadogo hunenepa hata wakakaribia uzito wa mara mbili.

Lakini katika safari ndefu utumbo nao husinyaa. Ndege akitua hawezi kunenepa mara moja. Siku ya kwanza au ya pili hupita mpaka utumbo upate nguvu. Kituo kisicho na vidudu humchelewesha, na aliyekonda sana huenda asifike.

Hata usingizi hupimwa kwa akiba. Uchunguzi wa kisiwa cha Ponza, Italia, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba ndege aliyekonda hulala ameficha kichwa manyoyani. Joto halipotei, lakini huchelewa kumtambua adui. Mwenye mafuta huweza kulala kichwa wazi.

Jirani zetu wa Kenya wamewapima wageni hawa tangu mwaka 1969 huko Ngulia, Tsavo Magharibi. Usiku wa ukungu taa za hoteli huwavuta, nao hunaswa kwa nyavu, hupimwa, huvishwa pete, kisha huachiliwa.

Kwa mkulima, somo ni jepesi. Machi na Aprili ndege hujaza mafuta ya kurudia kwao. Basi tusifyeke ua na vichaka vyote kwa wakati mmoja, na dawa ya wadudu tuipige pale tu inapohitajika. Kiwavi anayeliwa na mgeni huyu ni kiwavi asiyekula majani yetu.