Bokero wa Rufiji: Jina la Mtu au Jina la Dhamana?

Katika nchi ya Rufiji, kuanzia vijiji vya mikokoni kama Salale na Mbwera huko deltani hadi Kibiti barani, mtu atajapo jina lake kamili hutaja matatu: lake, la babaye na la babuye, na hilo la tatu, ambalo kwa desturi ya skuli na ofisi limegeuka kuwa jina la ukoo, aghalabu halikuwa la ukoo hata kidogo, bali la mtu mmoja aliyelipata kwa sababu zake, na sababu hizo akazikwa nazo. Ndipo wajukuu wanapobaki na jina geni, lisilotoka katika vitabu vya dini wala katika lugha ya kila siku, na kila mzee aulizwaye akalitolea maana yake.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni ule wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga ambaye mwaka 1904, kwa masimulizi ya wazee, alichukuliwa na mzimu uitwao Hongo, akazama katika ziwa la mto na kulala humo, na kesho yake akaibuka salama, nguo zake kavu, akaanza kuwagawia watu maji ya dawa waliyoyaamini kuwa yatawakinga na risasi za Wadachi. Vita vya Majimaji vilipozuka Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, serikali haikukawia: tarehe 4 Agosti akanyongwa Mohoro.

Walakini jina la marehemu huyo halijatulia mpaka leo. Wanahistoria wengi humwita Kinjikitile. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, alimwandika Kinjeketile. Na mara nyingi jina hilo hufuatishwa na lakabu ya Bokero. Na Bokero huyo ni nani? Kabla ya vita lilikuwa jina la mzimu mkuu aliyetambikiwa Kibesa, kando ya mto Rufiji, ambako watu wa mbali na wa karibu walikwenda kuomba mvua na neema ya mashamba, naye Hongo akihesabiwa kuwa chini yake. Kwa hiyo wataalamu wamehitilafiana: wako wasemao kwamba Kinjikitile na Bokero ni mtu mmoja, na wako wasemao kwamba Bokero alikuwa mwingine, mwenye kuhudumia mzimu wa Kibesa.

Ufunguo wa jambo hili umo katika yaliyofuata baada ya mauti ya Kinjikitile, kwani nduguye alipoishika kazi ya kugawa maji hakujulikana tena kwa jina lake la kuzaliwa, bali aliitwa Nyamguni, nalo ni jina la mzimu mwingine wa nchi ile. Yaani jina lilivikwa kama kilemba cha utawala, likamfuata mwenye dhamana na si mwenye damu.

Hapo ndipo penye faida kwa kila atafutaye asili yake. Wanazuoni wa pwani wamezoea kupambanua jina la kuzaliwa, nasaba, nisba ya mahali au kabila kama Shirazi, na lakabu. Na wazazi nao huwapa watoto majina ya nyakati na mikasa, kama Masika, Shida na Mashaka. Rufiji hapana budi kuongeza fungu jingine, jina la dhamana, ambalo watu wawili, hata wasio ndugu, huweza kulichukua mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika habari za Majimaji kwa vinywa vya wazee, wakati ambapo baadhi ya walioviona vita hivyo walikuwa bado hai. Na katika kazi hiyo Gilbert Gwassa na John Iliffe ndio waliofahamika zaidi. Bahati ilikuwa yao, kwani baada ya mafuriko ya mwaka huo huo watu wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye nyanda za juu, wakaacha nyuma makaburi, miembe na mahame, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakishuhudia nani aliishi wapi na aliitwaje.

Basi mwenye jina geni la babu, awe wa Kibiti, Utete au Nyamisati, asikimbilie kuuliza maana yake, maana jibu la swali hilo huweza kutungwa papo hapo. Na aulize kwanza: nani mwingine aliitwa hivyo, na alikuwa akifanya nini? Akiwapata wenye jina hilo ndani ya nyumba moja tu, afuate nasaba. Lakini akimpata mwingine asiye wa ukoo wake, aache damu na afuate kazi: aulize tambiko, uganga, ujumbe na uakida; na huko ndiko atakakoambiwa ni nani aliyempa babuye jina hilo.