Rangi ya Gari Ikichubuka

Huku kwetu Bagamoyo upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Gari likichubuka hadi kwenye bati, kutu huanza hapo, kisha hutambaa chini ya rangi iliyo nzima. Mwishowe bati hutoboka. Pikapu ya kubebea samaki ndiyo huumia zaidi.

Tupitishe ukucha juu ya mkwaruzo. Ukikwama, mkwaruzo umeingia ndani. Tuoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, tukaushe. Tusugue kwa msasa mpaka chuma king'ae. Hapa wengi tuna haraka, twapaka rangi juu ya kutu! Kutu haifi, inaendelea kula huko ndani. Tuanze na rangi ya kushika chuma, mafundi huiita praima. Ikikauka, ndipo tupake rangi ya gari, nyembamba, mara mbili. Pikipiki na baiskeli nazo vivyo hivyo.