Taa za Krismasi zinavyolisha bustani kongwe za Uingereza

Waswahili husema biashara asubuhi. Katika bustani ya mimea ya Kew, kusini-magharibi mwa London, biashara kubwa ya majira ya baridi huanza jua likishazama. Mwezi Desemba jua la huko hutua karibu na saa kumi jioni, miti mingi imekwishapukutisha majani na maua ni ya kutafuta. Kwa miaka mingi hii ilikuwa miezi ya ukame wa wageni kwa bustani za kihistoria za Uingereza: mishahara na gharama za kupasha joto nyumba za vioo zilibaki palepale, huku mlangoni wakipita watu wa kuhesabika. Leo familia hununua tiketi wiki au miezi kadhaa kabla, ili tu zitembee gizani katikati ya miti iliyovikwa taa.

Kew ilianza onyesho lake la Krismasi mwaka 2013. Siku hizi, kati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari, njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 hupambwa kwa taa ambazo waandaaji wanasema zinapita milioni 1. Bustani ya Mimea ya Edinburgh, iliyoanzishwa mwaka 1670, nayo imeingia katika biashara hii. Kadhalika kasri la Blenheim karibu na Oxford, na bustani ya Dunham Massey karibu na Manchester, inayomilikiwa na shirika la hifadhi la National Trust. Jaribio la kujaza miezi mitupu limekuwa sekta kamili, yenye wabunifu wake, mafundi umeme wake, wauza tiketi wake na washindani wake.

Jukwaa lililokwisha kujengwa

Sababu ya kwanza ya mafanikio ni mahali penyewe. Anayeandaa tamasha uwanjani hulazimika kujenga jukwaa na mandhari kuanzia chini. Kew imevikuta. Bustani hiyo inahesabu umri wake tangu 1759, wakati wa Binti Mfalme Augusta. Mnara wake wa Kichina, kazi ya msanifu William Chambers, ulikamilika mwaka 1762. Nyumba ya Michikichi, jengo la chuma na vioo lililojengwa kati ya 1844 na 1848, inatazamana na bwawa, na hapo ndipo onyesho hufikia kilele: miale na picha za mwanga huchezeshwa juu ya vioo na maji kwa kufuata muziki.

Urithi huo, hata hivyo, unakula fedha. Nyumba kubwa ya mimea ya tabianchi ya wastani, iliyofunguliwa mwaka 1863, ilifungwa mwaka 2013 kwa ukarabati uliochukua miaka 5 na kugharimu takriban pauni milioni 41. Kew inaendeshwa na bodi ya wadhamini iliyoundwa kwa Sheria ya Urithi wa Taifa ya mwaka 1983. Serikali hutoa sehemu tu ya bajeti. Inayobaki hutafutwa kwa wafadhili, wanachama, miradi ya utafiti na mlangoni. Hapo ndipo taa za Desemba zinapopata uzito wake katika vitabu vya hesabu.

Nani anafanya nini

Ni nadra bustani kufanya kazi hii peke yake. Yenyewe hutoa ardhi, jina linaloaminika na orodha ya wanachama wake. Kampuni ya maonyesho huleta ubunifu, vifaa, matangazo na wafanyakazi wa muda. Huko Kew mshirika amekuwa Raymond Gubbay, kampuni iliyojulikana kwa matamasha ya muziki wa kiorkestra na sasa iko chini ya Sony Music, pamoja na wabunifu wa Culture Creative. Mikataba ya aina hii hutofautiana: kuna bustani inayolipwa kodi ya eneo, na kuna inayogawana mapato na kubeba hasara pamoja na mshirika wake.

Teknolojia ndiyo iliyofungua mlango. Taa za LED hula sehemu ndogo ya umeme uliokuwa ukiliwa na balbu za zamani, na hazitoi joto la kuunguza matawi. Bila hizo, kuwasha njia nzima kila usiku kwa zaidi ya wiki 6 kungemeza faida yote. Hata hivyo kazi ya mikono haijapungua. Mafundi hutandaza nyaya kwa kilomita kadhaa, hupanda kwa mashine za kuinua watu hadi vileleni, na hufunga taa kwa mikanda, maana msumari hauruhusiwi kugusa shina la mti wa thamani.

Hesabu ya familia moja

Chukua mfano wa baba, mama na watoto wawili wa shule. Wanachagua siku na muda wa kuingia, kwa sababu milango hupokea watu kwa makundi kila baada ya dakika chache. Bei hufuata siku wanayochagua: Jumanne ya Novemba ni nafuu, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi ni ghali. Katika maonyesho makubwa tiketi ya mtu mzima mara nyingi huvuka pauni 20, hivyo familia hii inaweza kufika pauni 80 au 100 kabla haijanunua hata kikombe cha chai.

Njia imepangwa kwa akili ya kibiashara. Wote hutembea upande mmoja, hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo watu wengi hupita bila msongamano. Karibu na nusu ya safari, miguu ya watoto inapoanza kuchoka na vidole kuganda, kuna vibanda vya chokoleti ya moto, soseji, na mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu. Pembeni kuna bembea za kulipia. Mtoto aliyekaa kwenye gari mwendo mrefu na kutembea kwenye baridi hawezi kupitishwa pale mikono mitupu, na mwandaaji analijua hilo. Mapato ya vibanda hivi ni nguzo ya pili ya biashara baada ya tiketi.

Nini familia inanunua hasa? Inanunua saa moja na nusu ya kuwa pamoja. Bibi akiwa katika kiti cha magurudumu na mtoto mchanga akiwa kwenye kigari hupita njia ileile, wakitazama kitu kimoja. Si burudani nyingi za mjini zinazoweza kukutanisha vizazi vitatu hivyo, na ndiyo maana wengi hurudi kila mwaka na kuufanya usiku huo desturi ya ukoo.

Upepo, popo na ushindani

Hatari ya kwanza ni hali ya hewa. Mvua haifungi onyesho, upepo hulifunga. Dhoruba ya Oktoba 1987 iling'oa miti takriban 700 huko Kew kwa usiku mmoja, na tangu hapo hakuna msimamizi wa bustani anayechezea onyo la upepo. Usiku mmoja wa Jumamosi ukifutwa, wenye maelfu ya tiketi hudai kurudishiwa fedha au kuhamishiwa siku nyingine, na siku zenyewe zimekwisha kujaa.

Hatari ya pili ni kwa viumbe. Mwanga wa usiku huwasumbua popo, bundi na nondo, na nyayo za umati hushindilia udongo hadi mizizi ikose hewa. Bustani makini hupitisha watu juu ya njia ngumu, hubadilisha ramani mwaka hadi mwaka, huacha maeneo mazima gizani na kuzima taa usiku ukiwa bado mchanga. Zisizofanya hivyo zinakula mtaji wao wenyewe.

Ya tatu ni kufanana. Wabunifu walewale wamevusha wazo hili hadi Marekani na Australia: bustani ya mimea ya Chicago ilianza onyesho la Lightscape mwaka 2019, Brooklyn mwaka 2021, na Melbourne mwaka 2022, ambako huwashwa katikati ya mwaka wakati wa baridi ya huko. Handaki la taa lenye umbo la kanisa liliwashangaza watu lilipotokea. Likiwa kila mji, litabaki kuwa handaki tu. Bustani ya Longwood huko Pennsylvania, Marekani, ambayo mfanyabiashara Pierre du Pont aliinunua mwaka 1906, inaonyesha njia iliyo bora: taa zake hutumikia maua na nyumba za mimea, wala hazivifuniki.

Kwa nini hesabu hizi zinatuhusu

Wanasayansi wa Kew, pamoja na wenzao wa Afrika Mashariki, walianza mwaka 1948 kuorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda. Kazi ilikamilika mwaka 2012 ikiwa imeeleza zaidi ya aina 12,000. Sampuli za mimea iliyokaushwa zilizokusanywa kwetu zimehifadhiwa huko hadi leo. Afya ya kifedha ya bustani kama hii inagusa elimu ya misitu ya Usambara na ya pwani yetu.

Kwa hiyo biashara ya taa inastahili kuungwa mkono, kwa masharti mawili. Kwanza, bustani zitangaze wazi ni kiasi gani cha mapato kinarudi kwa mimea, utafiti na majengo. Pili, zitenge usiku wa bei nafuu kwa familia za kipato cha chini, maana urithi wa taifa usiofikiwa na watoto wa taifa hupoteza haki ya kuitwa hivyo. Na wewe msomaji uliye Uingereza, ukitaka kwenda na watoto, nunua tiketi za siku ya kazi mwezi Novemba, vaa viatu vya matope, na rudi mwezi Mei uione bustani hiyo mchana. Mimea ndiyo iliyotangulia, na ndiyo inayopaswa kufaidika.